Chumvi ya Tududu

Vita vilipokuwa vimekaza Bunia, na kila kundi likifukuza jingine mjini, mtaa wa Rwambuzi haukuwa na mtu aliyechukiwa kama Mama Domitille.

Zamani alifundisha biolojia kwenye taasisi moja. Taasisi ilipoporwa hadi mabati, aliokoa kitu ambacho hakuna mporaji aliyekitaka: bido, yaani madumu, za maji kutoka ziwa dogo lililo juu kabisa milimani. Ndani ya maji hayo waliishi wadudu wadogo kuliko punje ya ulezi, ambao yeye aliwaita tududu. Walikula ukijani wa maji, na watoto wa samaki waliwala wao. Lile ziwa la baridi lilikuwa likipata joto na kupungua mwaka baada ya mwaka. Maji yalikwenda na jua, chumvichumvi ya mawe ikabaki.

Domitille alitaka kujua kinachowaua, joto au chumvi. Akapanga besini nyuma ya nyumba yake. Moja aliiacha kivulini, nyingine akaiweka juani chini ya nailoni. Ya tatu aliitia chumvi, na ya mwisho akaipa chumvi na jua pamoja. Akawa anachungulia kwa kioo cha kukuzia huku risasi zikilia upande wa soko. Joto peke yake liliwafanya wazaane mbiombio. Chumvi peke yake iliwapunguza. Lakini palipokuwa na vyote viwili, wakubwa walikufa kwanza, mayai hayakuanguliwa, na maji yakageuka kijani kibichi kwa kukosa mlaji.

Barabara zilikuwa zimefungwa, chumvi imeadimika. Jirani yake Arlette, aliyekuwa akiwapikia watoto sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na ladha, alimwona juu ya ua wa matete akimimina chumvi majini.

"Mama Domitille, unipatie kidogo."

"Iko ya kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya tududu ya ziwa."

Arlette hakurudia ombi. Alivuka barabara hadi kwenye kizuizi cha wapiganaji, akawaambia kwamba mwalimu anapika sumu ya kutia visimani.

Walikuja mchana kweupe, mkubwa wao akiitwa Athanase. Arlette alifuata nyuma.

"Hii maji iko ya nini?" Athanase aliuliza.

"Niko naangalia namna tududu inakufa."

Jibu hilo ndilo lililomharibia. Athanase aliwageukia wenzake. "Mumesikia? Anapima sumu kwa wadudu kwanza." Akamsukumia kikombe. "Kunywa."

Domitille alichota kwenye ile besini ya kijani, akanywa bila kumwondolea macho.

"Na weye," Athanase akamwambia Arlette, akimsogezea kikombe. "Weye njo ulituita."

Arlette alipiga funda moja, akatema. Hofu ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Iko chumvi tu. Batoto yangu banakula sombe bule, na huyu analisha wadudu chumvi."

"Ulitaka baniue," Domitille alisema.

"Ndiyo. Nilitaka."

Athanase alicheka. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na mfuko wa chumvi mkononi, na hakumwachia Arlette hata chembe. Watu wake walipindua besini zote kwa mateke. Maji ya mlimani yaliingia kwenye udongo mwekundu mbele ya wanawake wale wawili, na hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Mapigano yaliporudi tena, Domitille alikimbilia mji wa Aru, akapata darasa la kufundisha. Njia ya kupanda ziwani ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, hakuweza kuchota maji mengine. Aliwaeleza wanafunzi yale aliyoyaona, kisha akawaonya wasiyachukue kama neno la mwisho, kwa kuwa aliyaona mara moja tu, katika besini chache.

"Nani atarudilia hii kazi?" mmoja akauliza.

"Mutu mwenye atafika kule juu."

Habari za Rwambuzi zilimfikia kupitia wakimbizi. Arlette alikuwa hai, na bado aliwaambia watu kwamba mwalimu yule alistahili kupigwa risasi. Domitille alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba angemnyima chumvi tena.