Waya wa Mke Mwenzangu

Nakumbuka, mwanangu, siku ile niliyochomoa waya wa mke mwenzangu nikiwa na hakika kwamba nimemkamata mwizi. Nilikuwa bado kijana, mgongo umenyooka na ulimi mkali. Tulikaa mtaa wa Mabanga, kwenye parsele moja, yaani kiwanja chenye nyumba ya mbele na nyumba ya nyuma. Mbele nilikaa mimi, mke wa kwanza. Nyuma alikaa Aziza, ambaye mume wetu alimwoa baadaye kutoka upande wa Lac Vert, kule kwenye ziwa la kijani. Nakwambia wazi, maana mzee hana haja ya kujipamba: nilimwonea Aziza wivu tangu siku aliyoshusha mikeka yake uani. Nilimwonea wivu meno yake, sombe yake ya majani ya muhogo, hata kikohozi chake, kwa kuwa akikohoa kidogo tu mzee wetu aliuliza kama ameshikwa na baridi. Mimi ningekohoa mpaka mbavu ziume, ningeambiwa ninywe maji.

Mume wetu, Papa Ramazani, alikuwa mpiga picha za harusi, mtu wa asili ya Maniema, na aliogopa sana kuulizwa akhera kama aliwafanyia wake zake haki. Akininunulia kitenge, alimnunulia Aziza kingine cha rangi ileile. Sufuria kwa sufuria, godoro kwa godoro. Nasi tulikagua, usifikiri hatukukagua! Nilipojifungua binti nikampa jina la mama mkwe wetu, Zaina. Aziza naye alipojifungua binti, akampa jina hilohilo, ili nisimpite kwa mama mkwe. Basi majirani wakatuita sote wawili Mama Zaina, na kila mmoja akaona mwenzake amemwibia.

Kazi ya picha ilipokua, mzee aliweka mashine yake kubwa ya kompyuta katika chumba cha langoni. Humo ndimo zilimokaa picha na filamu zote, ndani ya dosie moja, yaani folda moja. Akatununulia kompyuta kila mmoja, akavuta nyaya kutoka langoni hadi kwangu na hadi kwa Aziza, ili sote tuifungue dosie ile tukiwa majumbani mwetu: mimi nikate filamu, Aziza atengeneze albamu na kadi. Fundi aliyekuja kuzifunga alipouliza hili na lile, mzee alimkatiza.

"Zote zikuwe sawa. Ile unaandika ku ya huyu, andika vile vile ku ya mwenzake. Sitaki tofauti hata kidogo."

Fundi akatikisa kichwa, akaandika kama alivyoambiwa.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Siku moja dosie inafunguka kwangu bila shida, siku ya pili inakataa kabisa, kana kwamba mashine ya langoni hainijui. Siku inapokataa, namsikia Aziza huko nyuma anaimba. Siku inapofunguka, namsikia anagonga sufuria kwa hasira. Nikajiambia, mzee amempa huyu ufunguo asionipa mimi. Nilizima nikawasha. Nilibadilisha waya. Nilipangusa lile vumbi letu jeusi la mawe ya volkano. Niliandika upya neno la siri mpaka vidole vikachoka. Kila mara kwenye kona ya kioo kilitokea kijisanduku cha maneno ya Kifaransa, na kila mara nilikifunga bila kukisoma. Nisome nini, na mwizi namjua?

Ikafika siku ya filamu ya harusi ya mteja wetu Mapendo. Wenyewe walikuwa waje kuichukua kesho yake, na dosie ikakataa. Mzee hayupo. Nikaenda langoni, penye kile kisanduku ambamo nyaya zote zinakutana, nikachomoa waya wa Aziza. Nikarudi kwangu, nikazima, nikawasha. Dosie ikafunguka papo hapo!

Mwanangu, sijawahi kufurahia ubaya wa mtu kama nilivyoufurahia siku ile. Nilitoka uani nikipiga kelele hadi majirani wakachungulia.

"Nimekushika! Ni wewe unanifungiaka!"

Aziza akatoka, mikono imejaa unga. "Mimi? Yaya, dada yangu, ni wewe! Ukitangulia kuwasha yako, yangu inakufa. Nilinyamaza tu, juu wewe ni mukubwa."

Niliona huo ni uongo mtamu. Nikasema mbele ya wote kwamba mzee akirudi achague, ama mimi ama yeye, na mmoja wetu jioni hiyo atalala kwa wazazi wake. Aziza akapangusa unga mikononi. Aliingia ndani akaanza kukunja vitenge vyake, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale mlangoni pake nikivihesabu, nione kama vimezidi vyangu.

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Aliita tu, "Zaina! Leta maji!"

Hakuna aliyekuja. Kila mjukuu alidhani ameitwa mwenzake. Akaita tena kwa ukali, na mara wote wawili wakatoka mbio, kila mmoja na kikombe, wakagongana, maji yote yakamwagika juu ya maharagwe. Wakaanza kulaumiana. Ndipo mama mkwe alipoinua kichwa, akanitazama mimi.

"Unaona? Batoto hawa hawana makosa. Ni nyinyi mulibapa jina moja, munasema ni heshima yangu. Haikukuwa heshima, ilikuwa wivu. Nikiita, ao banakuja bote, ao hakuna mwenye anakuja. Na wewe unafukuza mutu na haujamuuliza kitu. Hiyo mashini yako haisemaka kitu wakati inakataa?"

Nilitaka kusema haisemi. Kisha nikakumbuka kile kijisanduku, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wangu ulikuwa umeshajikwaa mbele ya mtaa mzima.

Nikavuka kizingiti cha Aziza. Tangu aolewe sikuwahi kukivuka. Nikamuuliza, "Yako inaandikaka nini kama inakataa?"

Akafuta macho. "Iko maneno ya Kifaransa pale chini. Minafungaka tu."

Nikarudisha waya wake langoni, akaiwasha mashine yake huku yangu ikiwaka. Kijisanduku kikaja. Aziza akakisoma, tena kwa Kifaransa kizuri kuliko changu, na hata hapo niliumia. Kilisema kwamba kwenye mtandao huu kuna mashine nyingine yenye jina hilihili na adresi hiihii, ile anwani ya tarakimu inayoitambulisha kila mashine. Tukatazama ya kwake, tukakimbia kutazama ya kwangu. Zote mbili ziliitwa Mama Zaina. Zote mbili zilipewa adresi moja, tarakimu kwa tarakimu. Aliyetangulia kuwasha alipokelewa, aliyechelewa alirudishwa mlangoni. Hakuna aliyemfungia mwenzake. Mzee wetu, kwa kuogopa kutudhulumu, alituketisha wawili kwenye kiti kimoja.

Tukabadilisha tarakimu ya mwisho kwenye mashine ya Aziza. Majina tukachagua wenyewe. Mimi nikaandika Mabanga. Yeye akaandika Lac Vert, nami nikaona wivu papo hapo, maana lake lilikuwa zuri zaidi. Tukazima, tukawasha zote mbili. Dosie ikafunguka mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Aziza akarudi kuvikunjua vitenge vyake, na mimi nikamsaidia bila kuombwa.

Mzee aliporudi tukamweleza. Akashtuka. "Sasa haziko sawa tena!"

"Haziko sawa," mama yake akamjibu, "lakini zote zinakula."

Papa Ramazani ametangulia mbele ya haki. Mimi bado niko mbele, Aziza bado yuko nyuma. Wivu umeisha? Thubutu! Juzi alipata wageni wengi kuliko mimi, nikakosa usingizi. Lakini asubuhi nilikwenda kumuuliza ni akina nani, na kumbe walikuwa wamekuja kwangu, wakanikosa, akawapikia yeye.

Basi shika haya, mwanangu. Wivu utakuja, usijisumbue kuufukuza, ila usiupe kiti cha hakimu. Ukikuta mlango umefungwa, usianze kwa kuuliza nani ameufunga; soma kwanza kilichoandikwa hapo mlangoni, halafu nenda kwa mwenzako umuulize kwake kumeandikwa nini. Na ukija kuwa na watoto, au wake, au wafanyakazi, wapende sawa, lakini kila mmoja mpe mahali pake.

Mungu akupe jina lako na mlango wako. Na siku utakapokosea ukafika kwa mwenzako na aibu usoni, Mungu akujalie umkute bado hajafunga mzigo.