Albamu Yetu ya Jazz Ilivyovaa Kofia ya Kimeksiko

Mzee mwenye kofia pana kama sinia aligonga dirisha la gari langu nikiwa na tarumbeta mdomoni.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye parking ya apatimenti zetu, Arlington, huku ughaibuni. Majirani walikuwa wameshalalamika, kwa hivyo mazoezi nilikuwa nafanyia ndani ya gari, vioo vimefungwa, jasho linanitiririka.

Nikajua nimeshtakiwa tena. Nikashusha kioo.

"Wewe ndiye unapigapiga hii kitu kila siku?"

"Pole mzee. Naacha sasa hivi."

"Usiache. Mpiga tarumbeta mwenzangu amepasuka mdomo na harusi ni saa nane. Twende."

Ngoja niwaambie kwa nini nilisita.

Mimi na Deo, rafiki yangu Mrundi anayepiga besi, tulikuwa tumemaliza miaka mitatu tukirekodi albamu ya jazz. Jazz ya watu wazima, si ya mchezo. Tulikuwa tumeapa kabisa kwamba muziki wa harusi hatugusi.

Mke wangu Kathure, ambaye ni nesi, alisikiliza nyimbo mbili tu. Akasema, "Mwenda, hii ni ya kungojea majibu ya daktari."

Labda ni hayo maneno yaliyonisukuma. Nikaenda.

Yule mzee, anaitwa Chuy, kiongozi wa bendi ya Kimeksiko ya harusini, alinivika koti jeusi la vifungo vya fedha. Lilinibana hadi nikawa napumua kwa awamu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Tarumbeta mbili zinatembea sambamba, ya Chuy juu, yangu chini. Wimbo wa tatu nikajisahau, nikachomoka na solo ya jazz katikati.

Waliokuwa wakicheza wakasimama. Chuy akanigeukia polepole. Nikajua leo narudi Arlington kwa miguu.

Kisha nyanya wa bwana harusi akainuka na mkongojo wake, akaanza kucheza.

"Ulichofanya si sawa," Chuy akaninong'oneza. "Rudia."

Kuanzia siku hiyo, kila Jumamosi nilikuwa nao. Deo nilimwambia nimeongezewa shifti kule airport ninakofanya kazi. Kumdanganya kulinikera, lakini ningemwambia nini, na kiapo mimi ndiye niliyekileta?

Shida ni kwamba mdomo una kiherehere. Studio naanza jazz vizuri, kidogo tu, harusi hiyo inatoka.

"Hiyo umeitoa wapi?" Deo akaniuliza.

"Imekuja tu."

 Besi yake ilinifuata papo hapo, kwa mdundo uleule. Mimi nikadhani ni kipaji.

Mwezi wa tano bendi ya Chuy ikapata kazi Houston, sherehe ya binti aliyetimiza miaka kumi na mitano. Tulipofika, kundi lingine lilikuwa linamalizia. Jamaa wa lile gitaa nene la besi, lenye tumbo kama la mjamzito, alikuwa ametupa mgongo.

Akageuka.

Deo.

Koti la vifungo. Kofia. Kila kitu.

Tukatazamana kama watu wawili waliotoroka kazini wakakutana sokoni.

"Si ulisema uko shifti?" akaniuliza.

"Na wewe si ulisema Jumamosi ni mazoezi ya kwaya?"

Akainamisha kichwa. "Huu ni mwaka wa pili, mon vieux, rafiki yangu. Niliogopa utanidharau. Ni wewe ulituapisha."

 Miaka mitatu tumekaa chumba kimoja, kila mmoja anamfichia mwenzake kile kinachomfurahisha, halafu tunashangaa mbona albamu imepooza.

"Nisamehe," nikamwambia. "Leo usiondoke. Piga na sisi."

Akapiga. Binti alicheza hadi akavua viatu.

Wiki iliyofuata tulifuta nyimbo sita kati ya tisa, tukaanza upya: tarumbeta ya Chuy kando ya yangu, gitaa la Deo chini, ngoma za jazz zikisukuma kwa nyuma. Albamu imetoka juzi, na kwa mara ya kwanza siionei haya.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujamficha rafiki yako kitu unachokipenda, muulize kwanza yeye Jumamosi huwa wapi.