Bwana Yangu Anaogopa Sufuria Yangu, Haogopi Moshi

Admin, ficha jina yangu, huku Muganza kila muntu anajua mwenzake. Mimi ni mwanamuke wa miaka makumi mbili na kenda, kabila yangu Mushi, wa Bukavu ng'ambo ya mupaka, nimeolewa huku Rwanda, tuko na mutoto mumoja wa miaka mine. Ninaandika na hasira, munisamehe.

Bwana yangu analima mupunga. Mavuno yakiisha, benye mashamba banapangana zamu ya kuchoma majani makavu, kila kikundi na siku yake, na yeye ndiye banamuita awashe kwa sababu anajua upepo. Anarudi macho mekundu, kifua kinapiga filimbi. Kila musimu inazidi. Amekonda, usiku analala amekaa.

Basi dada yake akaja, akamuangalia, akasema mbele yangu bila haya: "Kaka, hii si kikohozi. Hii ni karuho. Unajua banamuke ba ng'ambo." Karuho ni ile sumu inakausha muntu polepole. Mimi! Mimi mwenye kumukanda kifua na maji ya moto!

Tangu pale, nikipakua chakula ananisukumia sahani: "Onja kwanza, Maman Junior." Kumuonjea mugeni kinywaji ni heshima yetu huku, sikatai. Lakini bwana yako wa ndoa? Naonja fufu, naonja sombe, naonja mpaka maji. Siku zingine nashiba mbele yake, jamani!

Alienda Bukavu kwa binamu yake, akarudi anapumua vizuri. Nikasema, "Unaona? Kule hakuna moshi." Dada yake akasema, "Unaona? Kule hakuna sufuria yake." Akamuamini dada yake.

Nikamukokota mpaka hospitali. Dokteri akasikiliza mapafu, akasema wazi kwa Kinyarwanda kwamba moshi wa mashamba ndio unamuharibu, aache kuchoma. Lakini infirmière, yule muuguzi wake, alikuwa Mushi kama mimi, akanisalimia kwa Mashi, luga yetu bwana haisikii, tukacheka kidogo. Kufika nje bwana akaniuliza: "Mulikuwa munapanga nini na yule?" Dawa ya kuvuta waliyomupa akaitupa njiani.

Wiki hii mutoto naye ameanza kukohoa. Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nilisema moyoni, sasa ataelewa, mama gani atalisha mwana wake sumu? Nikamuambia, "Papa Junior, sasa unaona ni moshi?" Akaingia chumbani. Halafu akafunga nguo za mutoto ndani ya kitenge. "Huyu hutamumaliza," akasema, na akamupeleka kwa dada yake.

Nyumba ya dada yake iko pembeni kabisa ya mashamba ya mupunga, na wiki hii ni zamu ya upande ule kuchomwa. Nikisimama kwa mulango wangu naona moshi imefunika bati lake. Na najua nani ameiwasha.

Nikienda kumuchukua mutoto kwa nguvu, batasema mulozi amekuja kumalizia kazi, na ndoa imekwisha siku ile. Nikikaa, mwana wangu anavuta ile kitu muchana kutwa. Hata sasa nimeshika simu, viatu tayari viko mguuni. Bamama munaonisoma, munijibu leo: mungekuwa mimi, mungeenda ao mungengoja?