Shamba la Mrututu la Skolastika

Skolastika wa Matogoro alikuwa mjane mwenye kiburi kizuri, kile cha kutokwenda kuomba chumvi kwa jirani hata kama mboga ni chapwa. Mumewe, Rupert, alimwachia shamba lililokuwa la kahawa, lililopigwa mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba, miaka nenda miaka rudi. Ushirika ulipokufa, Rupert aling'oa mibuni akapanda mahindi. Yakaota ya njano, yakadumaa. Akafariki shamba likiwa bado limenuna.

Watu walinong'ona kwamba mjane ana mkosi. Kajetani, kaka wa marehemu, hakunong'ona. Alitamka mbele ya ukoo kwamba shamba likigoma tena, analitwaa na kumpa mwanawe Aidan.

Mbolea ya dukani, tangu ruzuku ifutwe, ilikuwa ya kutazama tu. Bwana shamba, jina lake Leo, akamwelekeza Skolastika kwenye mabanda ya nguruwe.

"Mama, udongo huu umejaa shaba. Samadi iliyooza vizuri huishika, mizizi isiinywe."

Skolastika, kwa haraka zake, akamwaga samadi mbichi. Miche ikaungua. Kajetani alipita kutazama, akaondoka akipiga mluzi. Ukoo ukampa mjane msimu mmoja wa mwisho.

Safari hii aliirundika samadi, akaifunika majani ya migomba, akaigeuza mpaka ikawa nyeusi na harufu ikaisha. Mvua zilipoanza, roho ilimkaa mkononi. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliinamia miche akiitafuta njano. Siku aliyoiona kwenye jani moja, alichuchumaa akaligeuza. Jani lilikuwa la chini, limezeeka tu.

Mahindi yalipobeba, Kajetani akaja.

"Shikamoo, shemeji," Skolastika akamwamkia.

"Marahaba. Kumbe shamba ni zima. Basi msimu ujao Aidan ataanza kulima."

Skolastika alikuwa ametoka mabandani, kapu kichwani. Akalitua kapu la samadi miguuni pa shemeji yake.

"Ulisema likigoma ndipo ulitwae, na halijagoma. Ila mrututu haujaenda popote. Umo humu humu, umeshikwa tu. Samadi ikikosekana, njano inarudi. Mwambie Aidan aanze leo. Mabanda yako kule bondeni, na hii hubebwa kichwani."

Kajetani alilitazama kapu. Akamfikiria Aidan, kijana wa mjini Majengo asiyetoka nje bila kupiga pasi suruali. Akaacha habari za shamba, akauliza kama kuna mahindi ya kuchoma.

Skolastika akamvunjia mawili, kisha akajitwisha kapu lake.