Asha Hakufa Kisimani

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, nusu kwa watu wa televisheni na nusu kwangu mwenyewe.

Nilikuwa msichana hapa Wingwi, mtunzi wa kikundi chetu cha maigizo. Jirani yetu, Bi Mgeni, alifiwa na binti yake Asha. Muuzaji alichanganya mafuta ya taa na petroli, taa ya chemni ikamlipukia akidurusu masomo yake. Nikamwendea mama yake kuomba ruhusa tuyaigize yale. Akasema, "Igizeni, watu wazinduke. Ila mwanangu usimzidishie wala usimpunguzie."

Wakaja watu wa televisheni kutoka mjini. Walikuwa na kipindi cha michezo, kila wiki mchezo mwingine na waigizaji wengine, na mdhamini wake nani? Kampuni ya mafuta ya taa! Bwana mkubwa wao akanivuta pembeni.

"Mchezo mzuri, lakini taa itoke. Msichana afe, ila si kwa mafuta. Hata Marekani, televisheni yao ilipoanza ilikuwa hivi hivi: kila wiki mchezo mpya, na juu kabisa jina la kampuni inayoudhamini. Kampuni ikilikataa neno, neno linatoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nami nikainama. Nilitaka kuonekana, basi! Nikamtumbukiza Asha kisimani, akitoroka kwao kumfuata mwanamume. Hata jina sikulibadilisha. Hebu nambie, akili ile niliitoa wapi?

Ijumaa alasiri tukajazana kwa Mzee Hamadi, mwenye televisheni. Bi Mgeni alikaa mbele, kajitanda kanga mpya. Likatangulia tangazo la mafuta, taa inawaka, watoto wanacheka. Astaghfirullah! Kisha Asha akafa kisimani. "Wasichana hawa, hawasikii," akaguna mtu nyuma yangu.

Bi Mgeni akanigeukia. Hakupiga kelele, na bora angepiga. "Mwanangu kafa anasoma. Wewe umemfanya mhuni mbele ya nchi nzima."

Siku tatu nilikwenda kumwomba radhi, siku tatu hakunifungulia mlango. Ya nne akanijibu kutoka ndani: "Radhi utaipata kwenye hitma yake. Simama useme."

Nikasimama mbele ya wanawake, Yasini imeshasomwa, nikasema Asha kauawa na mafuta yaliyochanganywa, na kwamba kisima nilikitunga mimi. Bi Mgeni akanipa mkono. Lakini mchezo ule ulirudiwa na kurudiwa, na mpaka leo wako watu Msuka na Makangale watakaokuapia kwamba Asha alikufa kisimani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo nakuona na simu yako, umepata mdhamini wa michezo yako, unacheka peke yako. Haya, hongera. Akupe kamera, jina lake aliandike juu kwa herufi kubwa kama mlango, sina ugomvi naye. Lakini maiti wa watu si wake, wala si wako. Akikwambia umbadilishie maiti kifo chake, funga daftari lako urudi nyumbani, hata kwa miguu. Usiiname, mwanangu. Mimi niliinama, na nilichokiokota mvunguni ni aibu.

Mola akupe ulimi wa kweli, na akupe uso wa kumtazama mama wa mtu bila ya kuinamisha kichwa. Nawe popote utakapomsikia Asha akitajwa, waambie alikufa anasoma.