Dhudhun Nane au Tisa

Mimi na ndugu yangu wa baba mmoja hatujasalimiana kwa roho safi tangu kompyuta ilipochora nyumba yetu, na sitaki mtu aniambie nisamehe. Nimeambiwa na masheikh, nimeambiwa na mke wangu, nimeambiwa mpaka na mama anayeniuzia mirungi. Tunakaa ukuta kwa ukuta hapa Garissa. Akiugua namsikia anakohoa. Akipona namsikia pia, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Nyumba yenyewe aliiacha aabo, baba yetu. Vyumba saba vya mawe kwenye mstari mmoja, mgongo kwa barabara, milango yote inatazama ua wa ndani ambako wanawake wanapika. Vitatu vya upande wa soko nilikaa mimi na familia yangu. Vitatu vya upande wa msikiti alikaa yeye na yake. Cha katikati alikaa hooyo, mama yangu mimi. Mama yake yeye alikufa ndugu yangu akiwa bado anatambaa, akalelewa na huyu huyu hooyo. Mimi nilipozaliwa nilimkuta mgongoni kwake, na nafikiri ugomvi wetu ulianzia hapo.

Mtu atauliza: hooyo hakuwa na haki yake kwenye nyumba? Alikuwa nayo. Alipokufa aabo, thumuni yake ya mjane alipewa kwa ng'ombe, kule Ijara, na ng'ombe wale akanikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa mwanawe na sikuwa na kazi. Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Nilirudi mjini na fimbo peke yake. Basi, miaka ya tisini tulipotaka kugawana nyumba, hooyo alikuwa mgeni katika chumba alichozeekea, na aliyemfanya mgeni ni mimi. Watu hawanisemi usoni. Nyuma wanasema, najua.

Aliyeleta habari ya kugawana ni ndugu yangu. Alikuwa analeta bidhaa kutoka Liboi, mpakani, chupa za chai, redio, vitambaa vya kike, anauza juu ya meza sokoni, vumbi linakula mali yake. Akatamani duka. Akakitazama chumba cha hooyo akaona atatoboa mlango upande wa barabara.

"Vyumba vyangu vina wake na watoto," akasema. "Siwezi kumfungulia mteja mlango wa chumba cha mke wangu."

"Na hooyo je?"

"Hooyo atachagua kona yoyote kwangu. Mimi pia ni mtoto wake."

Neno hilo, "mimi pia ni mtoto wake," kwangu lilikuwa kama kofi.

Wazee wa ukoo walikaa siku tatu wakimaliza sukari yetu. Mwisho wakahukumu hivi: vyumba vitatu vya kila mmoja vipimwe, na yule ambaye vyake ni vidogo ndiye atachukua cha katikati, ili mwenye pungufu ajaziwe. Hukumu nzuri, sisemi. Lakini karani wa baraza la mji alisema hatakata kiwanja mpaka aone ramani ya nyumba iliyochorwa na mtu wa kazi hiyo.

Mtu wa kazi hiyo mjini alikuwa mmoja, mtu wa bara, mnene, joto la Garissa lilikuwa linamuua polepole na hakuficha. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la dawa. Alikuwa ameacha penseli, ana kompyuta, ya kwanza mimi kuiona na macho, ameifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Ndani yake, alisema, kuna programu ya kuchora nyumba. Unaiambia ukuta uko wapi, na urefu wake, inajenga. Nje jenereta inapiga kelele kama ngamia aliyezidiwa mzigo. Mimi nilisoma duksi, chuo cha Kurani, na darasa mbili za serikali, lakini niliona mara moja kwamba kitu kinachojenga nyumba bila jasho hakina baraka.

Alikuja nyumbani na tepu ya chuma. Tulimsimamisha langoni, mimi na ndugu yangu, bega kwa bega. Siku hiyo tu tulikubaliana.

"Wazee wangu, naingia dakika mbili kila chumba, natoka."

"Hapana ingia fyumba," ndugu yangu akamwambia kwa Kiswahili chake cha Liboi. "Ndani iko bibi."

"Siangalii bibi, mzee. Naangalia ukuta."

"Ukuta inaangalia bibi."

Hata mimi nilicheka, kisha nikajuta kucheka kitu chake.

Mchoraji akasema basi chukueni tepu, pimeni wenyewe. Hapo tena tukakataa. Namba za ile tepu hakuna aliyeziamini. Mimi nilifikiri ndugu yangu ameshamwona huyu mtu pembeni, na yeye alinifikiria hivyo hivyo.

"Aabo aliijenga kwa dhudhun," ndugu yangu akasema. "Kwa dhudhun itagawanywa."

Dhudhun ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu. Ndiyo kipimo chetu, cha kitambaa, cha kamba, cha shimo la kisima. Nikasema sawa. Mjinga mimi. Mpaka leo naapa alijua anachofanya, ingawa mke wangu anasema hakujua, alikuwa mjinga kama mimi tu.

Mchoraji akakaa langoni juu ya debe, anapangusa shingo, na kila mmoja wetu akaingia kwake kulaza mkono ukutani, kiwiko, kidole, kiwiko, kidole, anatoka anampa hesabu. Chumba cha hooyo tulikipima wote wawili kwa zamu, maana hakuna aliyemwachia mwenzake. Hooyo alikuwa amekaa kitandani na tasbihi. Nilipopita na mkono wangu juu ya ukuta wake alikunja miguu nipite.

Siku ya pili tukaitwa ofisini. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi kama sufuria, na juu yake mistari inawaka: vipimo vyangu vyekundu, vyake vya kijani. Alikuwa ameiambia mashine kwamba dhudhun moja ni futi moja na nusu, basi.

"Huyu mzee mfupi ametoa dhudhun ishirini na saba," akasema, kidole kwangu. "Huyu mrefu ishirini na tatu na kidogo. Chumba cha kati kinaenda kwa mrefu."

Ndugu yangu akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Lakini kuna kitu kimenizuia kulala," mchoraji akaendelea. Akasogeza kile kidude cha waya mkononi, na chumba cha hooyo kikaja kikubwa kwenye kioo. Vilikuwa viwili. Cha kijani kimekaa ndani ya chekundu kama mtoto wa mbuzi tumboni. "Huyu anasema dhudhun tisa. Huyu anasema nane. Chumba kimoja hakiwezi kuwa na urefu mbili. Mmoja wenu ameidanganya mashine yangu."

"Waryaa, wewe kifupi!" ndugu yangu akanigeukia. "Unaiba mpaka kwenye chumba cha mama yako?"

"Mwizi ni anayepunguza. Umekipunguza ili kionekane si kitu, ukipewa tusione uchungu."

"Na wewe umekirefusha ili iweje? Ukifugie ng'ombe?"

Hapo nilisimama. Mbele ya mtu wa kabila lingine ananitajia ng'ombe. Mchoraji akasogeza kiti chake karibu na kompyuta, akaikumbatia. Ndugu yangu hakunijali, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu kuonyesha kwenye kioo mahali ambapo, kwa maneno yake, nilianzia uongo. Mkono ukapita, ukapita, ukafika. Mimi nilikuwa karibu na meza kuliko yeye, na nisingefika.

Nikamshika kifundo. "Weka kiwiko mezani."

"Niache."

"Weka kiwiko mezani, kama mama alikulea."

Akaweka. Nikaweka changu kando. Vidole vyake vilipita vyangu kwa upana wa vidole vinne. Tulitazama mikono yetu kama watu waliokuta nyoka kwenye blanketi. Mchoraji alicheka mpaka akamwaga maji aliyokuwa anakunywa.

"Mmepima nyumba kwa miili! Na mimi nimeiambia mashine mikono yote ni sawa!"

Nikamwambia akicheka tena kompyuta yake italala mtoni na mamba. Lakini moyoni nilikuwa nachezewa ngoma. Mkono mrefu hutoa hesabu ndogo. Vyumba vyake vilikuwa vikubwa kuliko alivyosema, vyangu vidogo kuliko nilivyosema, na chumba cha hooyo kinarudi kwangu. Nitakuwa nimemlipa. Sitasikia tena neno Ijara.

"Ramani imeshachorwa," ndugu yangu akasema, lakini sauti haikuwa tena ya kushiba.

"Imechorwa wapi?" Mchoraji akabonyeza kitu kimoja tu na nyumba yote ikatoweka, vyumba saba, kioo kikabaki cheusi. Watu kumi na wanne walikuwa ndani ya nyumba ile. "Leteni vipimo vya tepu au nendeni mkapigane nje, joto limenitosha."

Nani aingie na tepu? Nilimtaja binti yangu mkubwa, ndugu yangu akakataa. Akamtaja mkewe, nikakataa. Tukabishana barabara nzima, mbele ya polisi waliokuwa wanakagua vitambulisho, wakatuacha tupite kwa kutuona wagonjwa. Tulipofika langoni akasema:

"Hooyo apime."

"Mama yangu mimi? Utasema ananipendelea."

"Yeye namwamini. Ni wewe sikuamini."

Angenitukana ningevumilia zaidi.

Hooyo hakujua kusoma namba. Mchoraji tukamwita tena langoni, akamfundisha avute tepu kutoka ukuta mpaka ukuta, kisha atie alama kwa wanja pale ukuta unapomwishia, alete langoni isomwe, ifutwe, aende chumba kingine. Alianza kwa ndugu yangu. Vyumba vitatu, alama tatu. Kisha akaja kwangu. Niseme yote? Niliingia nyuma yake. Mke wangu ameshika ncha moja ya tepu, hooyo anavuta nyingine, na mimi nikainama sikioni kwake.

"Hooyo, tia wanja hapa nyuma kidogo. Kidole kimoja tu kila chumba. Ni chumba chako tunachopigania."

Akanitazama kama anatazama mtu aliyepotea njia. Akatia wanja palipoishia ukuta, akalamba kidole, akafuta pembeni pasiwe na doa, akapita mlangoni.

Mchoraji alirudi ofisini, tukamfuata kama mbuzi. Mistari ikaanza kuota tena kwenye kioo, mmoja mmoja, safari hii yote ya rangi moja. Ikafunga vizuri, kila kona ilipata mwenzake. Akajumlisha. Akajumlisha tena kwa sababu nilimwomba.

"Vya mzee mfupi bado ni vikubwa," akasema. "Kwa shibiri moja."

Shibiri! Nikasema mashine ina ugonjwa. Nikasema mengi. Nilipofika nyumbani hooyo aliniambia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko fimbo: "Chumba chako cha mwisho si wewe ulimwomba baba yako asogeze ukuta ulipooa, kitanda kilipokataa kuingia?"

Nilikuwa nimesahau, wallahi. Yeye hakusahau. Alipovuta ile tepu alijua anajitoa mwenyewe.

Printa ilitoa karatasi, wazee wakatia vidole, karani akagonga mhuri. Hooyo akahamia chumba changu cha mwisho, kile kile cha kitanda. Ndugu yangu alikuja kumbebea sanduku, akambebea kweli, mimi nikiwa nimesimama. Kesho yake akaja fundi na nyundo kutoboa ukuta wa barabara.

Sikuweza kulala na nyundo ile masikioni hata ilipokuwa imenyamaza. Asubuhi nikaenda kwa mchoraji nikaomba kuona ramani tena. Nikamuuliza, mistari hii ni ya nini? Ya kuta. Hii? Milango. Hii? Madirisha. Na mabati? Akasema programu ile huchora nyumba kama mtu ameikata katikati akaitazama kutoka juu, mabati hayamo.

Mabati ya chumba cha hooyo niliyanunua mimi, kumi na moja, nilipopata kibarua cha barabara. Hayamo kwenye ramani. Nikakodi ngazi. Saa nne ya asubuhi, watu wote wakiona, niliyang'oa yote kumi na moja nikayashusha kwenye ua wangu, na ndugu yangu amesimama chini na chupa zake za chai ndani ya makatoni, jua linampiga utosini katikati ya duka.

"Umechukua karatasi," nikamwambia kutoka juu. "Basi ezeka karatasi."

Kabla wiki haijaisha alikuwa ameezeka mapya, na duka likafunguliwa, na wateja walikuja wengi kwa sababu ya habari ile. Mabati yangu niliyapigilia juu ya nguzo nne kwenye ua, mbele ya mlango wa hooyo, kivuli kizuri, nikamtandikia mkeka nikamwambia hapa ni pako, hakuna wa kukupimia.

Akaketi. Akainua macho akayatazama mabati, akayajua. Kisha akainuka taratibu, akashika mkeka kwa pembe, akauburuta mpaka pale jua lilipokuwa limewaka, akajifunika kichwa shuka na kukaa.

"Hooyo, rudi kivulini. Utaungua."

"Niache niungue," akasema. "Sitaki kitu ulichoshusha kwa chuki."

Nilimwambia rudi mara tatu. Ndugu yangu alitoka dukani na mwavuli mweusi, bidhaa mpya, bado uko kwenye nailoni yake. Akaufungua, akasimama nyuma yake, akamshikia. Na hooyo akamwacha amshikie.