Leo mhariri wangu amemkata baba

Leo mhariri wangu amemtoa baba yangu kwenye filamu, na nimekubali.

Kwa miaka mingi nilihariri filamu za wenzangu hapa Kariakoo. Hii ndiyo ya kwanza kuiongoza mwenyewe, kwa hiyo uhariri nimemwachia Neema.

Asubuhi tumekaa ofisini kwake Mchafukoge, akasimamisha picha.

"Kaka, kipande hiki cha fundi cherehani ni kizuri sana. Ila hadithi haikihitaji."

Jamani! Maneno hayohayo nimewaambia waongozaji wangapi? Mnaonisoma humu, nisameheni kwenye komenti.

Neema hakujua kuwa yule fundi ni mzee wangu. Tulimrekodi kwenye kibanda chake cha mtaa wa Gerezani, na miezi miwili baadaye tukamzika.

Nikamwambia, "Kitoe. Ila nichezee chote mara moja kwanza."

Akakicheza.

Baba anashona tu, haangalii kamera. Halafu anainua kichwa, ananitazama mimi niliyesimama nyuma ya kamera.

"Umekula?"

Siku ile nilimjibu kwa ukali, "Baba, tunarekodi, usiongee!"

Leo, Neema akinishangaa, nimemjibu taratibu, "Bado, Baba."